Supu ya Kuku na Tortila: Mwongozo Kamili, Kutoka Punje ya Mahindi Hadi Bakulini

Malalamiko ninayoletewa kuhusu supu hii yanafanana. Unga uligoma kushikana, tortila, yaani vichapati vyembamba vya mahindi, zikapasuka pembeni. Supu ikatoka nyepesi, wekundu wa maji maji, na uchachu wa nyanya mbichi. Pilipili ikaacha uchungu mdomoni. Na vibanzi vya tortila, ambavyo ndivyo vilivyoipa supu jina, vikawa uji kabla mlaji hajashika kijiko.

Karibu yote hayo yanatokea mahali pawili: kwenye unga uliotumika, na kwenye kile nyanya na pilipili zilichofanyiwa kabla ya supu kumiminwa. Kuku kila mtu anajua kumchemsha. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye unga na nyanya, na mengine nitayapita haraka.

Tunafuata supu ya Meksiko ya kati, inayojulikana huko kama sopa de tortilla au sopa azteca. Msingi wake ni nyanya, pilipili kavu nyeusi iitwayo pasilla, supu ya kuku na vibanzi vya tortila vilivyokaangwa. Wapishi wa Texas huongeza minofu mingi ya kuku, bizari nyembamba, mara nyingine mahindi na maharage meusi. Hapa msingi ni wa Meksiko, na minofu ni ya kutosha kuifanya iwe mlo wa kushibisha.

## Vitu vya kuandaa (watu 6)

Kwa supu ya kuku
- Kuku mmoja wa kilo 1.3 hadi 1.5, au kilo 1 ya mapaja yenye mifupa
- Maji lita 2.5
- Kitunguu maji 1, kilichokatwa nusu
- Punje 4 za kitunguu saumu
- Chumvi kijiko 1 kikubwa kisichojaa

Kwa rojo la nyanya na pilipili
- Nyanya zilizoiva sana, gramu 800
- Kitunguu maji 1, kilichokatwa vipande vinene
- Punje 4 za kitunguu saumu, zikiwa na maganda
- Pilipili kavu za pasilla 3, au badala yake pilipili kavu nyingine za Meksiko: ancho 2 na guajillo 2
- Mafuta ya kupikia vijiko 2 vikubwa
- Bizari nyembamba iliyosagwa, nusu kijiko cha chai, ukipenda ladha ya Texas

Kwa tortila na vibanzi
- Tortila 14 za mahindi, za upana wa sentimita 14 hadi 15 (hatua ya 1)
- Mafuta ya kukaangia, nusu lita

Kwa mezani
- Maparachichi 2 yaliyoiva lakini magumu kidogo
- Jibini laini jeupe, gramu 200
- Malai au mtindi mzito, nusu kikombe
- Ndimu 3
- Giligilani, fungu moja dogo
- Pilipili kavu moja ya ziada

Vyombo: sufuria kubwa yenye kitako kizito, kikaango kizito, blenda, chujio la waya, mifuko miwili ya plastiki safi, na kitambaa safi cha kufunikia tortila.

Mambo matatu yajue kabla hujaenda dukani.

Pilipili kavu za Meksiko ni kubwa, zina nyama, na ukali wao ni mdogo. Zinaingia kwenye supu kwa ajili ya rangi, uzito na ladha ya utamu wa mbali. Pilipili ndogo nyekundu zinazouzwa kwenye masoko yetu ni kali mno kwa kazi hiyo. Ukiweka za kutosha kupata rangi, hakuna atakayeweza kunywa. Zikikosekana za Meksiko, nenda kwenye duka la vyakula vya Kihindi ununue pilipili kavu za Kashmiri, 6 hadi 8, ambazo zina rangi nyingi na ukali kidogo. Ongeza nusu kijiko cha chai cha paprika ya moshi. Haitakuwa pasilla, lakini supu itasimama.

Jibini la Meksiko linalotumika hapa halina ladha kali na haliyeyuki sana. Panir ya duka la Kihindi, iliyovunjwavunjwa na kutiwa chumvi kidogo, inalingana nalo vizuri kuliko jibini la njano. Unaweza pia kuchemsha lita moja na robo ya maziwa, ukaondoa motoni, ukatia vijiko vikubwa 3 vya maji ya ndimu, ukasubiri yagande kisha ukachuja kwa kitambaa.

La tatu ni unga, na ndipo tunapoanzia.

## Hatua ya 1: Tortila

### Kwa nini unga wa sembe unapasuka

Mahindi hayana ile nguvu ya kunata iliyomo kwenye ngano, inayoruhusu chapati kusukumwa na kuvutwa. Sembe ni mahindi makavu yaliyokobolewa na kusagwa bila kupikwa. Wanga wake haujaiva, kwa hiyo ukiukanda kwa maji ya vuguvugu hauna cha kuushikilia. Ugali unashikana kwa sababu unapikwa kwenye maji yanayochemka.

Tortila hutengenezwa kwa mahindi yaliyochemshwa kwenye maji ya chokaa, yakalala humo usiku mzima, yakaoshwa, kisha yakasagwa yakiwa bado na maji. Mahindi hayo Meksiko huitwa nixtamal, na donge lake huitwa masa. Chokaa hulegeza ganda la punje, wanga huiva nusu, na kalsiamu ya chokaa husaidia donge kushikana. Harufu ile ya tortila, ambayo unga wa kawaida haitoi hata uukaange vipi, nayo hutoka hapo. Tena mahindi yaliyopikwa hivi huachilia vitamini B3 ambayo kwenye mahindi ya kawaida mwili hauwezi kuipata vizuri.

Chagua njia moja kati ya hizi tatu.

### Njia A: unga wa masa wa pakiti

Hii ndiyo rahisi. Wanaoishi Marekani, Kanada na Ulaya wataupata kwenye maduka ya vyakula vya Meksiko na supamaketi nyingi kubwa. Maneno ya kutafuta kwenye pakiti ni *masa harina* au *masa instantánea*. Maseca ndiyo inayoonekana zaidi.

Onyo: Harina P.A.N. inakaa rafu moja na unga huu na watu wengi huichukua kwa makosa. Ile ni ya arepa, mikate bapa ya mahindi ya Venezuela na Kolombia. Ni mahindi yaliyopikwa bila chokaa, na haitakupa tortila.

Pima gramu 300 za unga, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na maji ya vuguvugu mililita 420. Mimina maji kidogo kidogo huku ukikanda. Baada ya dakika 3 funika kwa kitambaa kibichi na uache dakika 20 hadi 30. Usiruke mapumziko hayo: unga huu hunyonya maji polepole, na donge lililoonekana sawa mwanzoni hukauka baadaye.

### Njia B: mahindi yako mwenyewe

Mahindi meupe ya Afrika Mashariki yanafaa kabisa kwa tortila. Kinachohitajika ni chokaa, usiku mmoja na mashine ya mkono.

1. Chagua mahindi makavu gramu 500. Toa kila punje yenye ukungu, iliyobadilika rangi au iliyotobolewa. Sumu ya kuvu haiondoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha, kwa hiyo gunia lenye ukungu liache kabisa.
2. Koroga gramu 5 za chokaa ya chakula, yaani hidroksidi ya kalsiamu, kwenye maji lita 1.5. Uwiano ni asilimia 1 ya uzito wa mahindi makavu.
3. Tia mahindi, weka moto wa wastani, na yakianza kuchemka punguza. Yapike dakika 30 hadi 45.
4. Zima, funika, na uache saa 8 hadi 12.
5. Mwaga maji, osha mara 2 au 3 huku ukisugua kwa viganja. Maganda mengi yatoke, mengine yabaki. Yanasaidia donge kushikana.
6. Saga yakiwa bado na maji.

Onyo kuhusu sufuria: usitumie ya alumini. Sufuria nyingi za nyumbani kwetu ni za alumini, na chokaa huila. Tumia ya chuma cha pua au ya kauri isiyobanduka.

Onyo kuhusu chokaa: chokaa ya kupaka ukutani ina uchafu usiofaa kuliwa. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya chakula. Isiingie machoni; ikiingia, suuza kwa maji mengi mara moja. Magadi pia hayatafaa: yanalainisha, lakini ni ya sodiamu, na donge lake halishikani kama la kalsiamu.

Onyo kuhusu kusaga: usiyapeleke kwenye mashine ya mtaani ya kusaga sembe. Ile ni ya mahindi makavu na yatainasa. Mashine ndogo ya mkono ya kusagia nafaka ndiyo inayofaa; pitisha mara mbili. Ukiwa na blenda tu, saga kidogo kidogo kwa maji machache kabisa, na donge likiwa laini kupita kiasi lisawazishe kwa unga wa masa ukiwa nao.

Dalili ya kuiva: punje ukiisugua kwa vidole ganda linateleza na kutoka. Ukiiuma katikati, utaona nukta nyeupe ambayo bado ni ngumu. Nukta ikiisha kabisa mahindi yameiva kupita kiasi, na donge litanata mikononi.

### Njia C: usipopata masa wala chokaa

Changanya kikombe 1 cha sembe na kikombe 1 cha unga wa ngano, chumvi kidogo, kisha mimina maji yaliyotoka kuchemka muda huohuo, karibu robo tatu ya kikombe, ukikoroga kwa mwiko. Likipoa kiasi cha kushikika, kanda. Maji ya moto yanaivisha sehemu ya wanga, na ngano inashikilia kilichobaki. Harufu ya tortila haitakuwepo, lakini vibanzi vitakaangika na kukauka vizuri.

Chapati za kawaida usizikate kwa kazi hii. Zina mafuta ndani, na vibanzi vyake hulegea mara vikigusa supu. Ukiwa huna muda kabisa, vipande vya tortila vya pakiti vyenye chumvi tu, bila viungo vingine, ni bora kuliko chapati.

### Kubonyeza na kupika

Donge zuri lina ulaini wa udongo wa mfinyanzi ulio tayari kufinyangwa: linabonyea bila kunata. Jaribu hivi. Viringisha kidonge cha gramu 35 ukibonyeze kati ya viganja. Kingo zikipasuka, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Kikinata kiganjani, ongeza unga. Usiendelee mpaka jaribio hili lipite. Tortila nyingi zinazoharibika ziliharibikia hapa.

Kata mfuko wa plastiki upate karatasi mbili. Weka kidonge katikati, kisha kandamiza kwa kitako bapa cha sufuria nzito hadi unene wa milimita 2. Kwa donge la njia C, sukuma kwa kifimbo cha chapati.

Pasha kikaango kikavu moto mkali kiasi. Weka tortila sekunde 30, hadi kingo zianze kujiachia. Geuza, uache sekunde 45 hadi 60. Geuza tena: sasa inatakiwa kufura, hata kwa sehemu tu. Ibonyeze taratibu kwa kitambaa ili kuisaidia. Funika zote pamoja kwenye kitambaa dakika 15. Mvuke wake unazilainisha.

Umefanikiwa ukiona: madoa ya kahawia, na tortila inakunjika mara mbili bila kuvunjika. Zipike siku moja kabla ukiweza. Tortila ya jana imepoteza maji, na ndiyo inayotoa kibanzi kikavu.

## Hatua ya 2: Chemsha kuku

Mkate kuku vipande vikubwa. Weka kwenye maji baridi pamoja na kitunguu, saumu na chumvi. Pasha taratibu, na povu likipanda liondoe kwa upawa.

Maji yakianza kuchemka, punguza moto hadi yatoe mapovu machache pembeni. Mchemko wa fujo hukaza nyama na kuitia supu ukungu.

Kidari kitoe baada ya dakika 25 hadi 30, mapaja baada ya 40 hadi 45. Kuku wa kienyeji huhitaji saa moja na nusu au mbili, na ukiwa naye usimwache: supu yake ina ladha ambayo kuku wa kisasa haitoi. Ukiwa na kipimajoto, nyama nene ifike nyuzi 74 za Selsiasi.

Chambua minofu kwa mikono iwe nyuzi nene. Rudisha mifupa sufuriani dakika 20 zaidi, kisha chuja. Unahitaji lita 1.75 za supu.

Umefanikiwa ukiona: supu safi ya rangi ya dhahabu hafifu, yenye ladha unayoweza kuinywa ilivyo. Ikiwa haina ladha sasa, ichemshe bila kifuniko ipungue. Usiifunike udhaifu wake kwa viungo vya mchuzi vya pakiti, maana vitameza pilipili na nyanya zote.

## Hatua ya 3: Pilipili

Toa vikonyo na mbegu. Pasua pilipili zilale bapa, uzibonyeze kwenye kikaango kikavu chenye moto wa wastani, sekunde 15 hadi 20 kila upande.

Hapa ndipo uchungu unapozaliwa. Pilipili iliyowiva kikaangoni inanukia tamu na kubadilika rangi kidogo. Iliyoungua ni nyeusi tii, na moshi wake unakwaruza koo. Hata moja ikiungua itupe, usiitie. Hakuna sukari itakayoondoa uchungu wake.

Ziloweke kwenye maji ya moto dakika 15 hadi 20 mpaka ziwe laini kama ngozi. Onja maji yake. Yakiwa machungu yamwage, yakiwa matamu tunza kikombe nusu cha kusagia.

Fungua madirisha, na nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa macho.

## Hatua ya 4: Babua nyanya

Katika kikaango hichohicho, kikavu, panga nyanya nzima, vipande vya kitunguu na saumu zenye maganda. Moto uwe mkali kiasi. Geuza kila baada ya muda.

Saumu itakuwa tayari kwa dakika 8 hivi, kitunguu 10, nyanya 12 hadi 15. Nyanya ziwe na mabaka meusi na zilegee hadi ndani. Ukitumia jiko la mkaa, zibanike kwenye wavu. Moshi wa mkaa unaifaa sana supu hii, na mimi ndiyo njia ninayoipenda.

Kwa nini kubabua? Nyanya mbichi zilizosagwa zina maji mengi na uchachu mkali. Moto mkavu hukausha maji, hukuza utamu, na mabaka meusi huongeza ladha ya kuchoma. Wekundu wa maji maji mnaolalamikia unatokana na kuruka hatua hii.

Menya saumu. Nyanya usizimenye, maganda yaliyobabuka yabaki. Saga kila kitu na pilipili, pamoja na tortila 2 zilizochanwa vipande. Tortila hizo zitaipa supu uzito bila unga wa kukoroga. Vitu vikiwa vya moto, jaza blenda nusu tu na uache tundu la kifuniko wazi chini ya kitambaa, maana mvuke hurusha kifuniko.

Pitisha kwenye chujio ukikandamiza kwa kijiko.

## Hatua ya 5: Kaanga rojo

Kama kuna hatua moja ya kutoipunguza hata dakika, ni hii.

Pasha vijiko 2 vya mafuta kwenye sufuria nzito hadi yametemete. Mimina rojo lote kwa pamoja. Litachachatika kwa nguvu na kuruka, kwa hiyo shika kifuniko karibu na simama mbali kidogo. Usipousikia mlio huo, mafuta yalikuwa bado.

Koroga kwa mwiko dakika 8 hadi 10, moto wa wastani. Rojo litatoka kwenye wekundu wa machungwa na kuwa jekundu la matofali, kisha zito. Anayejua kupika rosti ya nyanya mpaka mafuta yajitenge hahitaji kufundishwa. Ni ujuzi uleule.

Umefanikiwa ukiona: ukiburuta mwiko, kitako cha sufuria kinaonekana na njia inachelewa kufunga. Mafuta yanachungulia pembeni. Harufu ya nyanya mbichi imekwisha.

Ukishindwa: rojo likishika chini, tia vijiko viwili vya supu ya kuku, kwangua, endelea. Likiungua na kunuka, hamisha la juu kwenye sufuria nyingine bila kukwangua.

Bizari nyembamba, kama unaitumia, itie dakika ya mwisho. Nusu kijiko cha chai kisizidi. Ikizidi, supu itanukia pilau.

## Hatua ya 6: Unganisha

Mimina supu ya kuku huku ukikoroga. Ikichemka, punguza moto na iache dakika 20 hadi 25, kifuniko nusu wazi.

Onja mwishoni. Chumvi kwanza, maana supu nyingi zinazodaiwa kukosa kitu zimekosa chumvi. Ikiwa bado chachu, tia robo kijiko cha chai cha sukari, si zaidi. Ndimu usiitie sufuriani. Harufu yake hupotea kwa moto, itakuja mezani.

Meksiko hutia jani liitwalo epazote wakati huu. Ukilipata kavu, kijiko kimoja cha chai kinatosha. Ukilikosa acha tu, giligilani haichukui nafasi yake.

Umefanikiwa ukiona: supu inaacha utando mwembamba mwekundu mgongoni mwa kijiko. Isiwe nzito ya kusimamisha kijiko.

## Hatua ya 7: Kaanga vibanzi

Kata tortila 12 zilizobaki vibanzi vya upana wa sentimita 1. Vitandaze kwenye sinia vikauke saa moja. Maji yaliyomo ndani ndiyo adui: yakibaki mengi, mafuta hupoa, na kibanzi hunyonya mafuta badala ya kukauka.

Pasha mafuta hadi nyuzi 175 hadi 180. Bila kipimajoto, tumbukiza kibanzi kimoja: kitoe mapovu mara moja na kuelea. Kikizama na kukaa kimya, subiri. Kikiwa cha kahawia ndani ya sekunde 20, mafuta yamezidi moto.

Kaanga kiganja kimoja kimoja, dakika moja na nusu hadi 2. Sikiliza mapovu: yakipungua, maji yameisha, na hapo ndipo pa kuvitoa. Vitie chumvi vikiwa moto, juu ya karatasi au ungo.

Mwisho, tumbukiza ile pilipili ya ziada, iliyokatwa pete nyembamba, sekunde 5 tu.

Kwa wasiotaka kukaanga: paka vibanzi mafuta kidogo, oveni nyuzi 190, dakika 12 hadi 15, ukivigeuza mara moja.

Umefanikiwa ukiona: kibanzi kilichopoa kinavunjika kwa mlio na hakiachi mafuta kidoleni.

## Hatua ya 8: Pakua

Weka minofu ya kuku na kiganja cha vibanzi chini ya bakuli. Mimina supu ya moto kabisa. Juu yake parachichi, jibini, malai, pete za pilipili, giligilani, na vibanzi vingine vikavu vya kumalizia.

Vya chini vinalainika na kubeba ladha ya supu, vya juu vinabaki vikavu. Mkiwa wengi, weka kila kitu mezani na kila mtu ajipakulie. Hapo ndipo tatizo la uji linapoisha. Vibanzi visiingie sufuriani hata kimoja.

Kila mlaji akamue ndimu yake.

Supu bila vibanzi hukaa siku 3 kwenye friji, na miezi 2 ikigandishwa. Isibaki nje zaidi ya saa 2. Unapoirudia, ichemshe kwa nguvu. Vibanzi viweke kwenye kopo kavu lenye kifuniko.

## Vyakula vingine kutoka kazi hiyohiyo

Ukishajua rojo na tortila, mengine ni mepesi. Pika rojo mara mbili ya kiasi na utunze nusu.

Pico de gallo. Mpishi wa kachumbari tayari anaijua: nyanya, kitunguu, pilipili mbichi, giligilani, ndimu, chumvi. Kata vipande vidogo sana vinavyolingana, na kitunguu usikioshe kwa chumvi kikalainika. Ukali wake unatakiwa. Toa mbegu za nyanya, la sivyo itaogelea.

Guacamole. Ponda kwenye kinu kitunguu kidogo, pilipili mbichi na chumvi kwanza, mpaka vitoe maji. Ndipo utie maparachichi 3 na uyaponde yakibaki na madonge. Ndimu kidogo. Ukianza na parachichi, chumvi na pilipili havitaenea sawasawa.

Tostada za tinga. Kaanga tortila nzima hadi ikauke kabisa. Pembeni, kaanga vitunguu 2 vilivyokatwa pete, tia vikombe 2 vya minofu ya kuku, kikombe 1 cha rojo na pilipili ya chipotle ya kopo, moja au mbili. Chipotle ndiyo yenye moshi. Ukikosa, paprika ya moshi kijiko kimoja cha chai. Pika hadi mchuzi ukauke. Ukiwa na maji maji, tostada italegea mkononi. Panga juu yake kabichi iliyokatwa nyembamba, jibini na malai.

Sopa de lima. Supu ya rasi ya Yucatán, nyepesi kuliko hii. Hakuna rojo la pilipili kavu: kitunguu, pilipili hoho na nyanya vinakaangwa kwa mafuta kidogo, kisha supu ya kuku, minofu, maji ya ndimu na vipande vyembamba vya ndimu vinavyotiwa dakika za mwisho na kutolewa kabla ya uchungu wa ganda kuingia. Huko pilipili yao ni habanero, na pilipili mbuzi yetu ni wa jamii hiyohiyo. Itumbukize nzima bila kuipasua, itoe harufu, kisha itoe.

Chilaquiles. Kwa asubuhi ya pili, vibanzi vikibaki. Pasha kikombe kimoja na nusu cha rojo kwenye kikaango, lizimue kwa nusu kikombe cha supu, na likichemka tumbukiza vikombe 4 vya vibanzi, vyema vikiwa vimekatwa pembetatu kubwa. Geuza kwa sekunde 30 tu, vipakwe pande zote, kisha toa motoni. Jibini, pete za kitunguu kibichi, malai, na yai la kukaanga juu. Sahani ziwe tayari mezani kabla vibanzi havijaingia kikaangoni.